Akiba ya chakula nyumbani ipimwe kwa usalama, si kwa idadi ya magunia

Mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa miaka miwili. Kadi ilionyesha uzito umeshuka kwa mwezi wa tatu mfululizo. Nilipomuuliza kama nyumbani kuna chakula cha kutosha, alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Dokta, kwetu njaa hakuna. Tuna magunia sita ndani.”

Nikamuuliza magunia hayo yamewekwa wapi. Akajibu kwamba yako chumbani wanakolala, yameegemezwa ukutani, kwa sababu nje kuna wezi. Nikamuuliza kama mahindi yalikauka vizuri kabla ya kufungwa. Akasema, “Mwaka huu mvua ilitukuta shambani, tukayawahi hivyo hivyo.” Mtoto anakunywa uji gani? Wa lishe: mahindi hayo hayo, karanga, soya na mchele, vimesagwa pamoja kilo kumi kwa mkupuo ili vikae miezi mitatu.

Sisemi mahindi yale ndiyo yaliyompunguza mtoto uzito. Watoto hupungua kwa sababu nyingi, na huyu alipimwa na kutibiwa kama wengine. Lakini jibu la mama yake limenikaa kichwani, kwa sababu ndilo jibu letu sote. Tukisikia neno akiba, tunahesabu magunia. Ni wachache wanaojiuliza chakula kilicho ndani ya magunia hayo kitakuwa na hali gani mwezi wa sita tangu kifungwe, na kama kinamfaa kila mtu wa nyumba ile, hasa mtoto na mgonjwa.

Hoja yangu wiki hii ni hiyo. Akiba ya chakula ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la wingi. Tuizungumze kliniki kama tunavyozungumza chanjo na chandarua.

Dharura yetu ni ipi?

Wengine wakisikia “chakula cha dharura” hufikiria vita au mambo ya nchi za mbali. Kwetu dharura ina sura ya kawaida sana. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliikumba Katesh, wilayani Hanang, na familia zikapoteza nyumba pamoja na kila kilichokuwa ndani. Mei 2024, wakati wa mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, magari ya mizigo yakakwama. Ukame nao huja taratibu, na bei ya unga hupanda kabla kiangazi hakijaisha.

Ziko pia dharura zisizotangazwa redioni. Baba anavunjika mguu na kibarua kinasimama. Mama analazwa wiki tatu akisubiri kujifungua. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo njaa yenyewe, na akiba ya ndani ndiyo bima pekee waliyo nayo.

Kwa hiyo siwapingi wanaoweka akiba. Nyumba isiyo na akiba hulazimika kukata njia, na njia za mkato za chakula zina gharama zake. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa kwa siku za kutosha hubaki na sumu ya sayanaidi, na mtu anayeula siku nyingi bila maharage, samaki wala nyama anaweza kupooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu iliyopooza hairudi. Uliwahi kuzuka Tarime mwaka 1985. Watu hawakula muhogo ule kwa ujinga. Njaa ndiyo iliyowanyima siku za kuusubiri.

Sumu isiyo na harufu

Hatari kubwa zaidi katika akiba zetu ni sumukuvu. Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, au zilizopigwa na ukame zikiwa shambani. Ukungu unaweza kuonekana kwa macho. Sumu yenyewe haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauiui. Ugali ulioiva vizuri kwa unga wenye sumukuvu ni ugali wenye sumukuvu.

Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamehifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, na mengi yalikuwa na unyevu. Soma sentensi hiyo mara mbili, halafu mkumbuke mama yangu wa kliniki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa aina hiyo, watu 68 wakaugua na 20 kati yao wakafariki.

Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Dalili zake ni macho kuwa ya njano, maumivu ya tumbo, kutapika, tumbo kujaa maji na miguu kuvimba. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wana dalili hizo, msinywe dawa za kienyeji wala msisubiri asubuhi. Nendeni hospitali na mkachukue sampuli ya unga mnaokula.

Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki. Ini lake ndilo linaloumia kimyakimya. Sumukuvu husababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa watoto imehusishwa na udumavu. Ndiyo maana mtoto anayenywa uji mara tatu kwa siku kutoka kwenye gunia moja ndiye ninayemhofia kuliko baba mwenye nyumba, anayekula ugali jioni tu.

Kausha kwanza, hesabu baadaye

Habari njema ni kwamba kinga kubwa iko mikononi mwetu. Mahindi ya kukaa miezi mingi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Yaanike juu ya turubai au kwenye kichanja, yasiguse udongo, na yafunikwe jioni kabla ya umande. Yapukuchue bila kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia, maana punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu na wadudu.

Huna kipimo cha unyevu? Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka konzi ya chumvi kavu, ongeza punje za mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja au zaidi, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15. Hapo ongeza siku moja au mbili za jua kali ndipo uyafungie.

Baada ya kukausha, chambua. Toa punje zenye rangi ya kijani, nyeusi, zilizovunjika na zilizosinyaa. Kwa karanga uwe mkali zaidi: iliyojikunja, yenye doa au chungu mdomoni, tupa. Kukoboa mahindi hupunguza sehemu kubwa ya sumu, ingawa hakuiondoi yote. Zile ulizozitoa usiwape kuku wala ng’ombe, na usizipeleke kwenye pombe. Sumu hupita kwenye maziwa ya ng’ombe, na wanywaji wa pombe wana maini kama wengine.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba, ambayo wengi wanaiita kinga njaa, ni msaada mkubwa. Ukiifunga vizuri, wadudu hutumia hewa iliyomo mpaka wanakufa wenyewe. Huhitaji sumu yoyote. Lakini mfuko haukaushi mahindi. Ukiweka mabichi, umefungia tatizo. Kagua matundu kabla ya kujaza, panga juu ya chaga, uache nafasi kati ya gunia na ukuta, na usifungue kila siku kuchota kibaba. Toa ya wiki mbili kwa pamoja, kisha funga upya.

Hapa niseme neno zito kuhusu dawa za kuua wadudu. Vidonge vya kufukizia nafaka hutoa gesi inayoua watu. Usiviweke kamwe kwenye magunia yaliyo ndani ya nyumba mnayolala, hata kama fundi wa duka la pembejeo amekuambia ukifungua dirisha inatosha. Watoto ndio huwahi kudhurika. Dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka itumike ile tu iliyosajiliwa kwa nafaka za chakula, kwa kipimo cha kwenye pakiti, na zile siku za kusubiri ziheshimiwe. Dawa ya pamba au ya nyanya haina kazi kwenye mahindi ya ugali. Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi au ya kijani zina dawa, hata zikioshwa si chakula.

Kiasi gani kinatosha?

Mashirika ya misaada, yanapogawa mgao kwa watu walioathirika na maafa, hukadiria takribani gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za jamii ya maharage, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Tuyageuze kuwa hesabu za nyumbani. Familia ya watu watano kwa mwezi mmoja inahitaji kilo 60 za mahindi au mchele, kilo 9 za maharage au kunde, lita 4 za mafuta na chini ya kilo moja ya chumvi. Kwa miezi mitatu ni magunia mawili ya kilo 100 yasiyojaa sana, kilo 27 za maharage na lita 12 za mafuta.

Angalia hesabu hiyo kwa makini. Familia yenye magunia sita ya mahindi na isiyo na maharage wala mafuta imehifadhi shibe, lakini haijahifadhi lishe. Uza gunia moja, nunua maharage, mafuta na dagaa. Mtoto wako atakushukuru.

Mambo machache ya utunzaji. Dona lina kiini chenye mafuta, hivyo huchacha mapema kuliko sembe. Hifadhi punje, usage kidogo kidogo. Unga wa lishe usagwe wa wiki mbili tatu, na karanga zisagwe kando, ziongezwe wakati wa kupika. Maharage yaliyokaa sana huwa magumu na hula mkaa mwingi, kwa hiyo yaloweke usiku kucha. Mafuta yakae gizani, kwani mwanga huharibu vitamini A iliyomo. Chumvi yenye madini joto ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria, la sivyo madini hupotea. Andika tarehe kwenye kila chombo, cha zamani kiliwe kwanza. Akiba ya kweli huzunguka jikoni. Ile inayosubiri balaa kwa miaka miwili huwa ya fukusi na panya.

Msisahau maji. Mtu mzima anahitaji karibu lita tatu za kunywa kwa siku. Madumu matatu ya lita 20 yenye mifuniko yanaivusha familia ya watano siku nne, mkiwa na vidonge vya klorini vya kutibia maji mtakayochota baadaye. Dumu lililowahi kubeba dawa za shambani halioshwi likasafika. Liharibuni kabisa lisije likatekwa maji.

Mgonjwa na mtoto wana akiba yao

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, akiba ni ziwa la mama. Usinunue makopo ya maziwa kwa ajili ya dharura. Mafuriko yakija, maji ya kuyakorogea ndiyo yatakuwa machafu, na kuhara kutamuua mtoto mapema kuliko njaa. Mlishe mama ili mtoto ale.

Kwa watoto wote, weka pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Pakiti zikiisha, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Mwenye kisukari asiishi na akiba ya sembe na sukari peke yake. Awe na maharage, kunde, dona na karanga salama, na sukari kidogo ya kumwokoa ikishuka. Anayetumia insulini aulize kliniki kwake mapema jinsi ya kuitunza umeme ukikatika. Chungu cha udongo chenye maji pembeni, kikiwa kivulini, hupooza vizuri. Insulini isigandishwe kamwe. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba samaki wa chumvi wanaokaa muda mrefu ni chumvi nyingi. Alowe na kumwaga maji, au achague dagaa waliokaushwa juani bila chumvi. Mtoto mwenye selimundu anahitaji maji zaidi ya wenzake na dawa zake za foliki asidi zisikatike. Anayetumia ARV, dawa za kifafa au za moyo aombe kliniki imwandikie za miezi kadhaa pale utaratibu unaporuhusu, na aziweke kwenye mfuko mmoja na kadi yake, mahali ambapo mkono utafika gizani maji yakiingia ndani.

Nani anapima gunia la mama?

Najua jibu litakalokuja. “Dokta, hayo yote ni pesa.” Ni kweli, na sitaki kulikwepa. Mama yule alirudi mwezi uliofuata. Walikuwa wametoa magunia nje na kuyamimina juani. Mawili yalikuwa yameota ukungu katikati. Mumewe aliyazika kwa uchungu, na jirani alimcheka kwa kufukia chakula wakati wengine wanakopa unga. Magunia mawili kwa familia ile ni ada ya shule. Kumwambia maskini atupe chakula ni jambo gumu, na sisi tulio makazini tusiliseme kwa wepesi.

Ndiyo maana lawama zisiishie kwa mama. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukinunua mahindi ya mkulima, hupima unyevu kwanza. Mabichi yanarudishwa. Ni utaratibu mzuri, unalinda akiba ya taifa. Lakini mahindi yaliyorudishwa yanakwenda wapi? Mengi yanarudi nyumbani, yanalala chumbani, yanakuwa uji. Taifa linalinda ghala lake, na ghala la mama halina wa kulipima.

Naona hatua tatu zisizohitaji miujiza. Kwanza, kila kijiji kiwe na kipimo kimoja cha unyevu kwa afisa ugani, kitumike bure msimu wa mavuno, kama mizani ya kliniki inavyotumika bure. Pili, mifuko isiyopitisha hewa ipatikane kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu, na iuzwe mapema kabla ya mavuno, maana ikifika Septemba mahindi yameshaota ukungu. Tatu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waongeze maswali mawili siku ya kupima uzito: chakula cha mtoto huyu kimehifadhiwa wapi, na kilikauka? Maswali hayo huchukua nusu dakika. Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka mingi bila kuyauliza, nikihesabu kilo za mtoto na kusahau kilo za gunia.

Kwa wewe mzazi unayesoma leo, usisubiri mkutano wa kijiji. Jioni hii ingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Ukikuta joto, unyevu au harufu ya uvundo, yatoe nje kesho jua likichomoza, na uji wa mtoto usitoke humo mpaka umeyakausha na kuyachambua punje kwa punje. Yaliyoota ukungu yasirudi jikoni.